Asilimia 85 ya Nini?

Ripoti ya kavareji, yaani kipimo cha msimbo uliopitiwa na majaribio, ikifunguliwa, jicho hukimbilia namba moja. Asilimia 85. Kiongozi wa timu anaridhika, mteja anaoneshwa, na alama ya kijani inawekwa kwenye ukurasa wa mbele wa mradi. Swali ambalo karibu halisikiki kwenye mikutano hiyo ni fupi: asilimia 85 ya nini?

Kavareji ni sehemu kama zile za hesabu za shule ya msingi. Juu kuna kiasi, chini kuna asili. Kiasi ni mistari ya msimbo iliyopitiwa majaribio yalipoendeshwa, na asili ni mistari yote tuliyoamua kwamba ilistahili kupitiwa. Mabishano yetu mengi yanahusu kiasi. Je, 80 inatosha au tufike 90? Tupime mistari au matawi, yaani njia zinazogawanyika kwenye masharti? Jaribio linalopita kwenye mstari bila kuhakiki chochote lihesabiwe? Asili tunaiachia zana ituchagulie. Naona hilo ndilo kosa kubwa zaidi katika matumizi ya kipimo hiki, kwa sababu faili iliyoachwa nje ya asili haioneshi upungufu wowote. Haina rangi nyekundu wala sifuri, na jina lake halimo kwenye ripoti.

Kwa zana nyingi, kinachohesabiwa ni faili iliyopakiwa wakati majaribio yanaendelea. coverage.py ya Python, usipoitajia "source", hufuatilia msimbo unaotekelezwa mbele yake na kuacha maktaba za Python yenyewe. Jest ya JavaScript, bila orodha ya "collectCoverageFrom", huripoti faili zilizoitwa na majaribio tu. SimpleCov ya Ruby hufanya vivyo hivyo mpaka uiwekee "track_files". Hakuna hila hapo. Zana inakaa ndani ya programu kama karani wa mlangoni, inamwandika kila anayepita. Asiyepita haiwezi kumjua, isipokuwa ipewe mapema orodha ya wote wanaotarajiwa.

Kwa wanaoandika C, jambo hili liko wazi zaidi. Faili inapokompailiwa kwa ajili ya gcov, zana ya kavareji ya GCC, huacha faili ya .gcno. Ya .gcda, yenye hesabu ya kilichopitiwa, huandikwa programu inapoendeshwa. Faili ambayo haikuunganishwa kwenye programu ya majaribio haipati .gcda, na ripoti inaipita kimya. Ndiyo maana lcov, inayotengeneza ripoti kutokana na data ya gcov, ina chaguo la "--initial". Kabla ya kuendesha chochote unachukua kumbukumbu ya kuanzia, yenye sifuri kwa kila faili iliyokompailiwa, kisha unaijumlisha na matokeo ya majaribio. JaCoCo ya Java imejengwa kwa namna nyingine: ripoti yake hutokana na faili za klasi unazoipa, hivyo klasi ambayo haikuguswa hujitokeza na sifuri yake. Go nayo ilisogea upande huo. Tangu toleo la 1.22 la mwaka 2024, "go test -cover" huandika 0.0% kwa kifurushi kisicho na majaribio yake, mahali ambapo zamani ingesema tu kwamba hakuna faili za majaribio.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo madhara yanapoonekana. Tuseme mradi una mistari 5,000 inayoweza kutekelezwa. Majaribio yanapakia faili zenye mistari 2,000 na kupita 1,700 kati yake. Ripoti inasema 85. Mistari 3,000 iliyobaki imo kwenye faili ambazo hakuna jaribio lililowahi kuziita. Kwa hesabu ya mradi mzima, 1,700 kwa 5,000 ni 34. Zana haijakosea popote. Sisi ndio tulioipokea 85 kana kwamba inauzungumzia mradi, wakati inazungumzia sehemu tuliyokwisha kuijali.

Kisha aje msanidi mwenye nia njema. Amekuta faili ya kulinganisha malipo, mistari 600, haina hata jaribio moja. Anaandika la kwanza, na linapita mistari 60. Jana ripoti ilikuwa 1,700 kwa 2,000. Leo ni 1,760 kwa 2,600, chini kidogo ya 68. Seva inayokagua msimbo mpya imewekewa kizingiti cha 80, kwa hiyo inamkatalia. Programu iko salama kuliko ilivyokuwa jana, na aliyeifanya iwe hivyo anapewa alama nyekundu. Njia ya haraka ya kurudi kwenye kijani ni kulifuta jaribio alilolileta. Kwa asili iliyo kamili, kazi yake hiyohiyo ingeipandisha namba kutoka 34 hadi 35.2.

Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote yanayohusu kipimo hiki. Nimekaa na watu waliokumbana nalo, na wengi hawakuelewa kilichowapata. Walichojifunza ni kwamba faili za zamani zina mkosi, uziguse na kazi yako ikwame. Kumbe hakukuwa na mkosi wowote, ni asili ndiyo iliyobadilika mikononi mwao. Faili 10 zilizokuwa nje zitabaki nje miaka na miaka, kwa kuwa wa kwanza kuiingiza mojawapo ndiye anayelipa gharama ya zote walizoziacha wenzake.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: anza na kila kitu ulichokiandika, halafu toa kwa jina na kwa sababu. Usianze na vilivyopakiwa ukaongeza. Tofauti ya njia hizo mbili inaonekana siku faili mpya inapozaliwa. Kwa njia ya kutoa, faili hiyo imo tangu saa ya kwanza, na anayetaka kuiondoa lazima aandike mstari kwenye faili ya mipangilio ambao wenzake watausoma. Kwa njia ya kuongeza, iko nje mpaka mtu akumbuke.

Hata hivyo, kusema "kila kitu" si sawa na kukipata. Ukiipa coverage.py "source", hutafuta pia faili ambazo hazikutekelezwa na kuziwekea sifuri, lakini kwa kawaida haiingii kwenye folda isiyo na __init__.py, faili inayoitambulisha folda kuwa kifurushi cha Python, mpaka uiwashie chaguo la "include_namespace_packages". Tena ukiwa umeweka "source" na "include" pamoja, "include" hupuuzwa. Onyo hutolewa, ila onyo lililozama kwenye maandishi mengi ya seva husomwa na wachache. Mimi hutumia ukaguzi mmoja rahisi. Chukua orodha ya faili za msimbo kutoka "git ls-files", chukua orodha ya faili zilizomo kwenye ripoti, uzilinganishe. Zilizomo kwenye ya kwanza na hazimo kwenye ya pili ziwe na maelezo, moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza ni kazi ya nusu saa, na hakuna usomaji mwingine wa ripoti unaonifundisha mengi kiasi hicho kuhusu mradi nisioujua.

Kuhusu vya kuondoa, baadhi havina ubishi. Msimbo wa watu wengine uliohifadhiwa ndani ya mradi, kama folda ya "vendor" au "node_modules", hauna sababu ya kuwemo. Wenyewe wana majaribio yao. Msimbo uliozalishwa na programu, kama faili za Protocol Buffers, nao utoke, na katika Java JaCoCo hukusaidia: tangu toleo la 0.8.3 huacha klasi na mbinu zenye anotesheni (alama inayobandikwa kwenye msimbo) ambayo jina lake lina neno "Generated", ilimradi anotesheni hiyo inabaki kwenye faili ya klasi. Lakini kama kizalishaji ni chenu, mmekiandika wenyewe pamoja na violezo vyake, hicho kibaki ndani. Kosa lake moja hujirudia katika kila faili inayotoka kwake.

Mabadiliko ya hifadhidata, zile faili za "migrations" katika Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, huondolewa kwa desturi, folda nzima, kwa mstari mmoja. Kwa faili zinazozalishwa na amri, sina pingamizi. Tena zikibaki zinaipamba namba bure, kwa kuwa Django huziendesha yenyewe inapotengeneza hifadhidata ya majaribio, na mistari yake inahesabiwa imepitiwa bila mtu kuhakiki lolote. Lakini ndani ya folda hiyohiyo kuna faili zilizoandikwa kwa mkono: inayohamisha data ya wateja kutoka safu moja kwenda nyingine, inayogawa jina kamili kuwa majina mawili, inayobadilisha tarakimu za fedha. Hizo huendeshwa mara moja tu kwenye data halisi, na zikikosea kurudi nyuma ni kazi ngumu. Kwenye hifadhidata ya majaribio huwa zinakuta majedwali matupu, kwa hiyo mizunguko yake haizunguki hata mara moja. Mstari ule mmoja wa kuondoa folda nzima huzifunika pamoja na zisizo na hatari. Mimi ningeziondoa zile za amri na kuziacha hizi zionekane.

Sababu ninayoikataa kabisa ni "hii ni ngumu kujaribu". Ugumu ni taarifa kuhusu faili, na ripoti ipo ili kubeba taarifa za namna hiyo. Faili ya kuanzisha programu, ile yenye "main", huondolewa mara nyingi kwa hoja hiyo, na ukichimba unakuta majaribio yanaiendesha kila siku, ila yanaiendesha kama mchakato mwingine ambao zana haiuoni. Hapo tatizo ni la upimaji, na limekwisha kupatiwa dawa. Go 1.20 ya mwaka 2023 ilileta "go build -cover", ambapo programu iliyojengwa huandika kavareji yake kwenye folda inayotajwa na GOCOVERDIR hata ikiendeshwa nje ya "go test". coverage.py inaweza kufuatilia michakato midogo, na toleo la 7.10 limerahisisha jambo hilo kuwa mstari mmoja wa mipangilio. Hali ni hiyohiyo kwa faili za mfumo endeshi mmoja. Faili ya Windows ina sifuri kwenye mashine ya Linux, basi majaribio yaendeshwe kote kuwili na matokeo yaunganishwe kabla ya kuamua nini kitoke.

Halafu kuna ruwaza, yaani kutaja faili nyingi kwa mpigo kwa alama ya * badala ya majina yake. Wengi huandika "*/test*" wakikusudia kuondoa folda ya majaribio, na hapohapo wanaondoa testimonials.py. Wengine huandika "*config*" kwa ajili ya faili ya mipangilio, na faili inayoitwa reconfigure_billing.py inatoweka pamoja nayo. Hakuna anayegundua, kwa sababu faili iliyotoweka haileti kosa. Hatari zaidi ni folda yenye jina la jumla, kama "legacy" au "utils". Siku ilipoondolewa huenda ilikuwa na msimbo unaosubiri kufutwa. Mwaka mmoja baadaye ina faili mpya, kwa kuwa aliyebanwa na kizingiti aligundua kwamba humo ndani hapimwi mtu. Ndiyo maana napendelea majina kamili ya faili kuliko ruwaza, hata orodha ikiwa ndefu. Urefu wake unawaambia wote ni kiasi gani kimewekwa kando, na mwenye kuona haya aipunguze.

Kuna sekta ambazo hazikuachiwa hiari hii. Katika programu za ndege za kiraia, mwongozo wa DO-178C hudai kavareji kulingana na uzito wa hatari: mistari kwa kiwango C, maamuzi kwa kiwango B, na kwa kiwango A kipimo kikali zaidi kinachoitwa MC/DC, ambapo kila sharti lazima lioneshe kwamba lina uwezo wa kubadilisha uamuzi peke yake. Lakini linalonigusa zaidi humo ni namna pengo linavyotendewa. Msimbo ambao majaribio hayakuufikia hauwezi kuachwa hivihivi. Ama jaribio lilikosekana, ama hitaji halikuandikwa, ama ni msimbo mfu na utolewe, ama umezimwa kwa makusudi na ithibitishwe kwamba hautaamka. Kila kipande kina jibu lake. Programu ya kuuza bidhaa mtandaoni haihitaji ukali huo wote, ila tabia ya kutoa jibu kwa kila pengo inaweza kuigwa na timu ya watu watatu.

Mfano mwingine ninaoupenda ni SQLite, programu ya hifadhidata. Inajulikana kwa kuwa na kavareji ya matawi ya asilimia 100, na wengi hukariri namba hiyo peke yake. Wenyewe hawaiandiki peke yake. Wanasema ni ya kiini cha SQLite pamoja na sehemu inayozungumza na mifumo ya Unix, chini ya TH3, moja ya seti zao za majaribio, katika usanidi wa kawaida, kwa kipimo cha gcov, na kwamba viendelezi kama FTS3 na RTree havimo. Asili imetajwa palepale penye asilimia. Msomaji anayetegemea FTS3 anajua mara moja kwamba ile 100 haimhusu.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya msimamo wangu. Ukiingiza kila kitu, watu wataandika majaribio ya hovyo kwa faili zisizo na maana ili kuikuza namba, na namba yenyewe si kipimo kizuri cha ubora. Sehemu ya pili naikubali. Utafiti wa Laura Inozemtseva na Reid Holmes wa mwaka 2014, uliotumia seti 31,000 za majaribio kutoka miradi mitano mikubwa ya Java, ulikuta kwamba ukidhibiti idadi ya majaribio, uhusiano wa kavareji na uwezo wa kugundua hitilafu ni mdogo hadi wa wastani. Lakini kinachofuata kutoka hapo ni kutumia ripoti kutafuta mahali pasipoguswa, kazi inayoiweza vizuri, na huwezi kutafuta pasipoguswa kwenye orodha iliyowaacha wasioguswa nje. Anayeidharau asilimia ana sababu zaidi ya kutaka asili kamili.

Na kuhusu majaribio ya hovyo, kisababishi ni kizingiti kilichofungwa kwenye asilimia. Asilimia ina kasoro yake hata asili ikiwa kamili. Chukua msimbo wenye mistari 2,000, 1,700 imepitiwa. Mtu arahisishe kazi na kufuta mistari 500 iliyokuwa imejaribiwa yote. Imebaki 1,200 kwa 1,500, sawa na 80. Namba imeshuka kwa alama 5 wakati mistari isiyoguswa ni 300 vilevile, kabla na baada. Ndiyo sababu napendekeza timu ihesabu mistari isiyoguswa na kukataa iongezeke. Hesabu hiyo haimwadhibu anayefuta, wala haimwadhibu anayeandika jaribio la kwanza la faili ya zamani, ilimradi faili ile ilikuwa imehesabiwa tangu mwanzo.

Limebaki suala la faili za majaribio zenyewe, ziwemo au zisiwemo. Desturi ya wengi ni kuziondoa. Ned Batchelder, mtunzaji wa coverage.py kwa miaka mingi, anashauri kuzipima, na hoja yake ina nguvu. Ukiandika fanksheni mbili za majaribio zenye jina moja ndani ya faili moja ya Python, ya pili huifuta ya kwanza, na ya kwanza haiendeshwi tena kamwe. Majaribio yote yanapita, kila mtu ana furaha, na mistari ile imelala. Ripoti inayojumuisha folda ya majaribio itaionesha. Wasiwasi wangu ni kwamba mistari ya majaribio hupitiwa karibu yote, kwa hiyo ikichanganywa na msimbo wa kazi huipandisha asilimia bila stahili. Zipimwe, lakini ziwe na mstari wake kwenye ripoti na kizingiti chake, ambacho kinaweza kuwa 100 bila kumwonea mtu.

Siku ya kurekebisha asili, namba itaanguka, na mtu atalazimika kumweleza mkuu wake kwa nini 85 imekuwa 34 usiku mmoja. Ushauri wangu ni kuonesha namba zote mbili siku hiyohiyo, kuandika tarehe ya badiliko kwenye grafu, na kukishusha kizingiti hadi 34 badala ya kukiacha kwenye 80 ambayo sasa hakuna atakayeifikia. Kisha itolewe orodha ya faili zenye sifuri, zikiwa zimepangwa kwa idadi ya mara zilizobadilishwa kwenye "git log" katika miezi iliyopita. Faili isiyojaribiwa na isiyoguswa na mtu inaweza kusubiri. Isiyojaribiwa inayobadilishwa kila wiki haiwezi. Kwenye mradi wetu wa mistari 5,000, ikiwa ile faili ya kulinganisha malipo ni ya namna hiyo ya pili, ingekuwa juu kabisa kwenye orodha, na yule msanidi angeanza na jaribio lake lilelile la mistari 60, akijua imebaki 540.